Amri Ikiondolewa, Komeo Hubaki kwa Mwenye Nyumba

Wakazi wa Bujumbura waliokuwa watu wazima mwaka 2006 wanaukumbuka mwezi wa Aprili wa mwaka huo, ilipoondolewa amri ya kutotembea usiku iliyokuwa imeushika mji kwa zaidi ya miaka 30. Watu walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Hata hivyo si rahisi kumpata baba wa nyumba aliyeng'oa komeo la mlango wake asubuhi ya pili yake kwa sababu amri imekwisha. Kundi la mwisho la waasi lilikuwa halijatia sahihi ya kusimamisha vita; sahihi hiyo ilikuja Septemba. Katika miezi hiyo ya katikati kila nyumba ilijifunza kujiamulia njia ya kupita usiku, mgeni wa kufunguliwa na mtoto wa kutotumwa dukani giza likiingia. Serikali ilikuwa imewarudishia wananchi usiku wao, na pamoja nao kazi ya kuupima.

Jambo la namna hiyo ndilo lililotokea kwa ugonjwa wa korona, yaani UVIKO-19. Masharti yalikuja kwa amri, kisha yakaanza kulegea, mengine kwa tangazo na mengine kwa kusahauliwa tu. Barakoa zilitoka usoni zikaingia mfukoni, na kutoka mfukoni zikaingia sandukuni. Lakini kulegea kwa sharti si kufa kwa ugonjwa. Hatari iliyokuwa ikipimwa ofisini sasa hupimwa sebuleni, na wapimaji ni baba na mama wa nyumba ambao hawakusomea kazi hiyo.

Yafaa kukumbuka mwendo wa mambo yenyewe. Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wawili wa kwanza tarehe 31 Machi 2020, mmoja akiwa ametoka Rwanda na wa pili Dubai. Mwezi wa Mei kampeni za uchaguzi zilikusanya umati mkubwa wa watu. Tarehe 30 Juni, siku chache baada ya kuapishwa, Rais Evariste Ndayishimiye aliutaja ugonjwa huu kuwa adui mkubwa wa nchi. Julai upimaji wa watu wengi ukaanza Bujumbura, na bei ya sabuni ya buluu ikapunguzwa. Kiwanja cha ndege cha Melchior Ndadaye, kilichokuwa kimefungiwa safari za abiria tangu Machi, kilifunguliwa tena tarehe 8 Novemba 2020. Januari 2021 mipaka ya nchi kavu na ya ziwani ikafungwa kwa wasafiri. Februari mwaka huo Wizara ya Afya ilisema chanjo haijahitajika bado. Oktoba mwaka huohuo chanjo ya Sinopharm iliwasili kutoka China, ikaanza kutolewa.

Anayezisoma tarehe hizo kwa utulivu huona jambo moja. Katika muda usiotimia miaka miwili mlango ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, na shauri la chanjo likageuka. Hii si ajabu ya Burundi peke yake. Uganda ilifunga shule Machi 2020, ikazifungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022 tu. Kenya iliondoa sharti la barakoa hadharani tarehe 11 Machi 2022. Kila serikali ina mizani yake, na katika mizani hiyo ugonjwa ni jiwe moja kati ya mengi. Yumo mchuuzi wa soko la Ruvumera ambaye jioni hula alichouza mchana. Limo lori litokalo Dar es Salaam na shehena. Wamo watoto wanaosahau kusoma. Serikali hupima taifa zima, na taifa likiweza kubeba mzigo, amri huondolewa. Haiwezi kujua kwamba katika nyumba fulani, barabara fulani ya Buyenzi, amelala kikongwe mwenye kisukari.

Hata tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba korona si dharura tena ya kimataifa, mkurugenzi wake, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alieleza katika tangazo hilohilo kwamba ugonjwa haujakwisha kuwa tishio. Wengi walilisikia neno la kwanza, wakaondoka kabla ya kusikia la pili.

Tena iko shida nyingine. Wakati wa masharti palikuwa na hesabu za wagonjwa wapya zikisomwa redioni, nazo zilimpa mtu kipimo, hata kama hakikuwa kamili. Upimaji ulipopungua, hesabu nazo zikapungua, na hesabu ndogo inayotokana na upimaji mdogo haisemi kwamba wagonjwa ni wachache. Husema tu kwamba hawakutafutwa. Mlinzi aliyefumba macho hawezi kutoa taarifa kwamba hakumwona mtu. Ndiyo maana nyumba haina budi kujitafutia dalili zake. Mathalani, watoto wangapi wa darasa moja hawakufika shuleni kwa mafua wiki hii? Je, kambini wako wengi wanaokohoa bwenini? Na je, katika msikiti au kanisa la mtaa, wazee wawili watatu wamekosekana kwa pamoja? Dalili hizi hazitaji jina la ugonjwa, lakini hueleza kwamba kuna kitu kinachotembea.

Yapo maswali manne ambayo nyumba yoyote yaweza kujiuliza bila daktari. La kwanza ni nani aliyemo ndani. Kijana mwenye afya aghalabu huugua siku chache akapona. Mzee, mwenye kisukari, mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu, mama mjamzito na mtu ambaye mwili wake umepungukiwa kinga huweza kufikishwa hospitali. Kinga ya nyumba hupimwa kwa mdhaifu wake, kama vile mwendo wa kikosi unavyopimwa kwa askari aliyeumia mguu.

Swali la pili ni la hewa. Virusi vya korona hutoka na pumzi ya mgonjwa, katika vitone vikubwa na pia katika chembe ndogo mno zinazoelea chumbani kama moshi wa sigara. Nje, upepo wa ziwa huzitawanya. Ndani ya chumba kilichofungwa hubaki zikiongezeka. La tatu ni la muda. Kupishana na mtu njiani si sawa na kulala naye chumba kimoja usiku kucha. La nne ni la majira, yaani kama dalili zilizotajwa juu zimepanda au zimeshuka. Mtu akiyajibu maswali hayo manne atajua siku ya kujihadhari na siku ya kutembea bila wasiwasi, na zote mbili ni haki yake.

Nyumba moja ya Buyenzi ilitahiniwa kwa maswali hayo katika kiangazi cha mwaka 2023, wiki chache baada ya lile tangazo la Mei. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye watu saba. Mume ni askari, naye alikuwa akirejea kutoka ulinzi wa amani Somalia. Mkewe huuza ndagala kavu sokoni. Mama mzazi wa mume, mwenye umri wa miaka zaidi ya 70 na mgonjwa wa kisukari, hulala chumba cha nyuma, na mjukuu wake wa miaka mitano hulala kitandani pake.

Ndugu walikuwa wamekwisha kuarifiwa, na mchele umenunuliwa. Askari akafika akiwa na kikohozi na mwili mzito. Alisema ni vumbi na uchovu wa safari, na yawezekana alisema kweli, kwa maana kiangazi cha Bujumbura hukohoza watu wengi kwa vumbi tupu. Mkewe alimtazama, akamwekea kiti uani, na godoro lake akalitandika sebuleni karibu na dirisha. Kisha akatuma habari kwa ndugu kwamba karamu imeahirishwa.

“Mke wangu,” askari alisema, “kambini hakuna anayeuliza habari hizo tena.”

“Kambini, Baba Watoto, hakuna mama mwenye sukari,” mkewe akajibu.

Neno lililokuwa zito zaidi lilitoka chumba cha nyuma. Salamu ya Burundi ni ya kukumbatiana, mikono mabegani, na mama huyu alikuwa ameingoja kwa muda wa mwaka mzima. “Mwanangu ametoka vitani, risasi haikumgusa,” alisema kikongwe, “leo mafua ndiyo yanitenge naye?” Mkwewe akaketi mlangoni, akamjibu kwa adabu: “Hutengwi naye, Mama. Anangojewa siku zake zitimie.” Jioni hiyo mama na mwana walizungumza uani, yeye kwenye mkeka na mwanawe kwenye kiti upande wa pili, upepo ukipita katikati. Majirani walinong'ona kwamba mke amemkataa mumewe. Maneno ya namna hiyo huuma, na mwenye kuyavumilia hapewi nishani.

Asubuhi yake askari alikwenda kituo cha afya, na hilo lilikuwa jambo la busara kupita yote, kwa kuwa katika Bujumbura homa haina haki ya kuitwa korona kabla malaria haijatafutwa. Mwaka 2017 malaria ilitangazwa kuwa mlipuko Burundi nzima, na hata katika miaka ya kawaida huua watoto. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kipimo cha korona hakikuwapo siku hiyo. Basi nyumba ikalazimika kuamua bila kujua, na hivyo ndivyo nyumba nyingi huamua. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri, Januari mwaka huo, kwamba mwenye dalili asiyeweza kupimwa ajitenge siku 10 tangu dalili zilipoanza. Mke akazihesabu ukutani kwa chaki.

Siku ya pili aligundua tundu katika ulinzi wake. Mchana mtoto wa miaka mitano alikuwa akipanda mgongoni mwa baba yake, wakicheka. Usiku akienda kulala na bibi, uso kwa uso. Mama alikuwa ameulinda mlango mkubwa, na huku hatari ikiweza kupita kwa miguu ya mtoto. Usiku huo alimlaza mtoto kwenye mkeka wake mwenyewe. Mtoto alilia, na bibi akalia pia kwa siri, kwa kuwa kitanda kilikuwa kipana bila yeye. Siku ya nne mtoto akashikwa na mafua na joto. Aliangaliwa malaria vilevile, hakuonekana nayo, akapona siku ya saba. Bibi hakuugua.

Hakuna awezaye kuapa kwamba bibi aliokolewa na godoro la sebuleni au na mkeka ule. Pengine ilikuwa mafua ya kawaida. Pengine chanjo aliyopata mwaka uliotangulia ilifanya kazi yake. Pengine ilikuwa bahati. Mwenye kufunga komeo hajui usiku upi mwizi aliusukuma mlango akaenda zake. Lakini gharama ya siku hizo 10 yaweza kuhesabiwa: karamu iliyochelewa, usingizi wa mtoto, na manung'uniko ya jirani. Gharama ya upande wa pili ingeweza kuwa kitanda cha hospitali, au jeneza. Siku ya kumi na moja karamu ilifanyika uani, na mama akamkumbatia mwanawe kwa muda mrefu.

Kisa hicho kina funzo kuhusu kuanza na pia kuhusu kukoma. Hadhari isiyo na siku ya mwisho hugeuka kifungo, na mfungwa hutoroka. Wako waliowakataza watoto kucheza nje hata jua la adhuhuri, mahali ambapo hatari ilikuwa ndogo mno, na huku wakipokea wageni ishirini katika sebule yenye madirisha yaliyofungwa. Wako waliompiga marufuku bibi asionane na wajukuu kwa miezi mingi, wakamlinda na ugonjwa na kumwachia upweke. Kupima hatari maana yake si kuogopa zaidi. Ni kuiweka hofu mahali pake, na kuiondoa pasipo pake.

Liko pia suala la ndoo na dirisha. Mwaka 2020 ndoo zenye bomba zilisimama milangoni mwa maduka, makanisa na ofisi za Bujumbura, na watu wakajifunza kunawa. Kunawa ni jambo jema, wala kusiachwe: tarehe 1 Januari 2023 kipindupindu kilitangazwa mjini, na Julai 2024 Burundi ikathibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox, ulioitwa zamani homa ya nyani, ambao huenezwa hasa kwa kugusana ngozi. Kwa maradhi hayo sabuni ni silaha. Lakini korona hupita zaidi kwa hewa, na walio wengi walinawa mikono kisha wakaketi katika chumba kisicho na hewa. Sababu yake inaeleweka: jioni dirisha hufungwa kwa ajili ya mbu, na mchana wa kiangazi kwa ajili ya vumbi. Njia ya katikati ipo. Madirisha na mlango vifunguliwe asubuhi na alasiri, kitambaa chepesi kizuie vumbi, na usiku kila kitanda kiwe na chandarua kilichotiwa dawa, ili dirisha liweze kuachwa wazi kidogo bila kumwalika mbu. Wageni wengi wakija, waketi uani, nafasi ikiwapo.

Kwa watu wa majeshi na polisi vipimo hivyo vina sura yake. Polisi asimamaye njiani akikagua magari yuko katika hewa wazi, na hatari yake kwa kawaida si kubwa. Askari walalao kumi katika chumba kimoja, au wasafirio saa nyingi ndani ya gari lililofunikwa turubai, wako katika hali nyingine kabisa. Hapo mwenye kikohozi akiweza kulala karibu na mlango au katika hema la pembeni, kikosi kizima hupata faida. Liko jambo linalosemwa kwa sauti ya chini mabwenini: askari huficha kikohozi akihofia kuachwa katika safari au kuitwa mvivu. Mkubwa anayempokea mgonjwa bila kumdhihaki hulinda watu wengi kuliko anayetoa amri kumi za barakoa. Na askari arudiye likizo akiwa na dalili hana aibu ya kupiga simu nyumbani kabla ya kufika, akasema, “Nakohoa, nitandikieni uani.”

Chanjo nayo ieleweke kwa kipimo chake. Haikufunga mlango wa kuambukizwa moja kwa moja, na aliyechanjwa aweza kupata mafua ya korona akaambukiza wengine. Kazi yake kubwa ni kupunguza ugonjwa mkali na kifo, na nguvu yake hupungua kadiri miezi inavyopita. Kwa hiyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani tangu Machi 2023 umewatanguliza wazee, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wenye hatari kubwa, wajawazito na watumishi wa afya. Mwenye mzazi wa namna hiyo nyumbani anafaa kuuliza kituo cha afya kilicho karibu kama kuna dozi, na kuuliza tena baadaye ikiwa haipo.

Ugonjwa unaokaa na watu huzoeleka, na mazoea hufuta hesabu. Siku itakapofika habari ya ugonjwa mwingine, jina lake litakuwa jipya, masharti yatakuja na kuondoka kama yale ya kwanza, na baina ya sharti na sharti kutakuwa na majuma marefu yasiyo na amri yoyote. Katika majuma hayo hakutakuwa na redio ya kumwambia mama wa nyumba afanye nini mgeni wake akikohoa mlangoni. Atakuwa na dirisha lake, mkeka wake, ujuzi wake wa nani hulala na nani, na ulimi wa kusema jambo gumu kwa upole. Mji ulioamka kila siku kwa miaka mingi ukiuliza barabara ipi ni salama leo hauwezi kushindwa kuuliza swali hilohilo kuhusu chumba.